Jino Lililobadilishwa Kofia Linapoendelea Kuuma

Kofia mpya ya jino ikishagandishwa, mgonjwa huambiwa kwamba jino litamsumbua siku chache kisha litatulia. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Makala haya ni ya yule ambaye siku chache zimekwisha, wiki zimepita, na bado anatafunia upande mmoja, anakunywa maji kwa tahadhari na usiku hawezi kulalia shavu lile. Ana maswali mawili: maumivu yanatoka wapi, na arudi kwa daktari lini.

Swali la pili ndilo linaloponza watu. Mtu akishalipia kofia, tena mara ya pili kwa jino lilelile, huona haya kurudi kulalamika, au huogopa kuambiwa alipe upya. Anameza vidonge, anavumilia, na siku akichoka anakwenda kwingine kung'oa. Inasikitisha, kwa sababu mengi ya meno hayo yanaokoleka, na mengine yalihitaji kusagwa kidogo tu, kazi ya dakika chache. Kurudi kwa daktari baada ya kuvishwa kofia ni sehemu ya matibabu yenyewe. Usingoje kuitwa.

Kwa nini mara ya pili huwa nzito

Ndani ya kila jino hai mna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Kiini kimezungukwa na dentini, na dentini imefunikwa na enameli, lile gamba jeupe gumu tunaloliona. Dentini ina vijitundu vyembamba mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, vinavyoelekea kwenye kiini. Baridi, joto au sukari ikigusa dentini iliyo wazi, majimaji yaliyomo katika vijitundu hivyo husogea, na neva hupata habari papo hapo.

Ili kofia ikae, daktari husaga jino pande zote na juu, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2, kutegemea kofia imetengenezwa kwa kitu gani. Siku ya kubadilisha, kofia ya zamani hukatwa kwa mashine, uozo uliojificha chini yake huondolewa, jino husawazishwa tena, vipimo huchukuliwa na kofia ya muda huwekwa. Baada ya siku kadhaa ile ya muda hutolewa ili ya kudumu igandishwe. Kila hatua ni msukosuko mpya kwa kiini kilekile, ambacho sasa kimezeeka na kinalindwa na ukuta mwembamba kuliko wa mwanzo.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Kofia ya dhahabu au ya chuma kitupu inaweza kuwa nyembamba na bado ikawa imara, kwa hiyo jino husagwa kidogo. Kofia ya kauri iliyojengwa juu ya chuma inahitaji nafasi kubwa zaidi ili kauri isivunjike na rangi yake ifanane na ya meno mengine. Huku pwani, Mombasa na Zanzibar, jino la dhahabu limekuwa pambo la miaka mingi, na wapo waliovishwa ujanani ambao sasa wanataka kofia yenye rangi ya jino. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwenye kioo, lakini kwa jino lenyewe yanaweza kumaanisha kusagwa tena kwa kina. Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa hali ni nyingine. Huko maji ya sehemu nyingi yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na yameacha watu na meno ya hudhurungi. Wapo wanaovishwa kofia za meno ya mbele wakiwa bado vijana ili kufunika rangi hiyo. Kiini cha kijana ni kikubwa na kiko karibu na uso wa jino, na kofia haidumu maisha yote. Aliyevishwa akiwa na miaka 20 ajue kwamba atabadilishiwa, pengine zaidi ya mara moja.

Joto la mashine nalo lina sehemu yake. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walipasha moto meno ya kima wakagundua kwamba joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, takriban viini 15 kati ya 100 havikupona. Ndiyo sababu mashine ya daktari hunyunyiza maji muda wote inaposaga, na ndiyo sababu msaidizi hufyonza maji hayo kinywani mwako bila kukoma. Usione kero.

Haya yote hayamaanishi kwamba jino lako limeharibiwa. Utafiti uliofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya meno yaliyovishwa kofia moja moja yakiwa hai, kiasi cha 84 kati ya 100 yalikuwa bado na kiini hai baada ya miaka 10. Walio wengi hupona. Wale wachache ambao kiini chao hufa si lazima wawe wametibiwa vibaya, kwani huenda jino lilikuwa limechoka kabla halijaguswa. Ni haki kumwelewa daktari katika hilo, na ni haki pia kumtaka alishughulikie.

Jino linauma lini, na kwa muda gani

Angalia kwanza mwelekeo wa maumivu. Je, ya wiki hii ni madogo kuliko ya wiki iliyopita? Jino linalopona hupunguza kuuma, hata kama ni pole pole, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki mbili hadi sita. Jino lisilopona hubaki palepale au huzidisha. Mwelekeo huo una maana kubwa kuliko hesabu ya siku. Kisha angalia kinachoyaamsha.

Ukinywa maji ya baridi, jino likapata ganzi kali kisha hali ikaisha ndani ya sekunde chache, kiini kimekasirika lakini kina uwezo wa kutulia. Kipe muda, epuka baridi sana, na tumia dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yenye ganzi ukiipaka kwenye mpaka wa kofia na fizi. Mpaka ukikaa wazi kwa sababu kofia haikufunika vizuri, ganzi hii haitaisha, na hapo hakuna dawa ya mswaki itakayosaidia. Kofia itabidi iangaliwe.

Maumivu ya kutafuna ni kisa kingine, na ndiyo ambayo ningependa kila msomaji ayajue vizuri. Jino likiachwa halisemi kitu. Ukiumanisha meno au ukitafuna mkate linashtuka, na unahisi kana kwamba linagusa kabla ya mengine. Mara nyingi tatizo ni kofia kukaa juu kupita kiasi. Linatokea kirahisi: siku ya kugandisha ulikuwa umechomwa sindano ya ganzi, mdomo ukawa mzito, daktari akakuuliza kama mng'ato uko sawa, ukaitikia tu. Ganzi ilipoisha ndipo jino lilipoanza kulalamika. Meno huhisi tofauti ndogo kuliko unene wa unywele, na jino lililo juu hugongwa kila umezapo mate na kila utafunapo, hadi nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa zikavimba. Daktari atakuwekea karatasi nyembamba ya rangi kati ya meno, aone alama inapokolea, asage hapo kidogo kidogo na kuing'arisha kofia. Nenda ukiwa huna ganzi mdomoni, na usitoke kwenye kiti mpaka pande zote mbili zihisi sawa. Hata baada ya hapo jino linaweza kuendelea kuuma kwa siku kadhaa, kwa kuwa nyuzi zilizochubuka zinahitaji muda. Lakini lisiposagwa halitatulia, na kugongwa mfululizo kunaweza kukiudhi kiini ambacho kingepona.

Anayesaga meno usiku humletea daktari dalili zilezile, tena jino zaidi ya moja linaweza kuuma. Mwenzako wa chumbani huwa anajua kuliko wewe. Dawa ya anayesaga meno ni kinga ya meno ya kuvaa usiku, inayotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chake.

Yapo maumivu yanayokuja unapoachia, si unapong'ata. Unatafuna punje ngumu, kijiwe kilichosalia kwenye maharage au mbegu ya ubuyu, na unapofungua taya mchomo mkali unapita. Hiyo ni dalili ya ufa katika jino. Kofia wakati mwingine hulifunga jino lenye ufa likatulia kabisa, na wakati mwingine ufa huwa umekwishashuka chini mno. Mwambie daktari maneno hayohayo, kwamba linauma ukiachia, kwa sababu ufa hauonekani kirahisi kwenye picha.

Sasa kiini kilichoshindwa. Kitu cha moto, chai au uji, huamsha maumivu yanayobaki nusu dakika au zaidi baada ya kumeza. Yanakuja yenyewe bila kuchokozwa. Usiku yanazidi unapolala chali, jino linapwita pamoja na mapigo ya moyo, na pengine huwezi kusema ni jino la juu au la chini. Kidole kikivimba ngozi hutanuka, lakini kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu na hakina pa kutanukia. Damu inabanwa, na kiini kinaanza kufa. Kikifika hapo hakirudi nyuma. Kusubiri hakukiponyi, na kusukutua maji ya chumvi hakukifikii. Kinachohitajika ni matibabu ya mzizi, yaani kusafisha mifereji iliyomo ndani ya mizizi na kuijaza.

Hapa pana mtego. Baada ya siku za mateso, maumivu yanaweza kukatika ghafla, na mtu akamshukuru Mungu na kufuta miadi ya daktari. Kiini kikishakufa chote, neva zake haziumi tena. Bakteria hubaki ndani, hushuka hadi ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa. Wiki au miezi baadaye jino linahisi refu, linauma likiguswa kwa kidole, au kipele kinatokea kwenye fizi, kinapasuka na kutoa usaha wenye ladha ya chumvichumvi, kisha kinarudi. Kipele cha aina hiyo hakiumi sana, ndiyo maana watu huishi nacho kwa miaka. Usikiache.

Fizi nayo huuma kwa sababu zake. Gundi iliyobaki chini ya fizi siku ya kugandisha huifanya iwe nyekundu, ivimbe na itoke damu mpaka itolewe. Nafasi kati ya kofia na jino la jirani ikiachwa, nyuzi za nyama na za embe hunasa hapo kila mlo, na mgonjwa huchokonoa kwa kijiti hadi anajijeruhi. Uzi wa meno ukipita pale bila kukaza hata kidogo, au ukichanika kila mara, mwonyeshe daktari. Na ikiwa ukingo wa kofia umeshushwa mno kukaribia mfupa, fizi haitapona. Mwili unahitaji takriban milimita 3 kati ya ukingo wa kofia na mfupa, na pasipokuwa nazo huenda ukahitajika upasuaji mdogo wa fizi au kofia nyingine.

Ikiwa jino lilikwisha kutibiwa mzizi, au kama wengi wasemavyo liliuliwa, haliwezi kuhisi baridi. Likionekana kuhisi, ama linalouma ni la jirani ama upo mfereji uliosahaulika. Gego la kwanza la juu lina sifa hiyo: mara nyingi lina mifereji minne, na wa nne ni mwembamba na umejificha. Jino la aina hii likiuma ukitafuna miezi au miaka baada ya matibabu, hufikiriwa pia kuvuja kwa bakteria kupitia kofia ya zamani iliyokuwa imelegea, au mzizi uliopasuka kwa urefu.

Si kila jino linalouma ndilo lenye ugonjwa

Mizizi ya magego ya juu inakaribiana sana na uwazi wa mfupa ulio chini ya jicho, ule unaojaa kamasi mtu apatapo mafua mazito. Ukijaa, magego kadhaa ya upande huo huuma kwa pamoja, na maumivu huzidi ukiinama kama anayesujudu au kufunga viatu. Misuli ya taya nayo huchoka. Kukaa na mdomo wazi muda mrefu kwenye kiti cha daktari, kusaga meno, au kutafuna miraa kwa saa nyingi kunaweza kuleta maumivu yanayojifanya ya jino. Ukiminya shavu penye msuli na maumivu yaleyale yakaamka, mtajie daktari. Kuna pia ugonjwa wa neva ya uso: mchomo wa ghafla kama umeme, wa sekunde chache, unaoamshwa na kunawa uso, upepo au kupiga mswaki, kisha unapotea kabisa mpaka utakaporudi. Watu wamewahi kung'olewa meno mazima kwa sababu yake, moja baada ya jingine, bila nafuu.

Taya inayouma, hasa ya kushoto, kila unapopanda ngazi au kubeba mzigo na kutulia ukipumzika, inaweza kuwa habari ya moyo. Ikiandamana na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi, nenda hospitali sasa hivi. Kofia itasubiri.

Siku ya kurudi

Nenda na kumbukumbu iliyoandikwa, hata kwenye simu: kofia iligandishwa tarehe gani, maumivu yalianza lini, yanaamshwa na nini, yanabaki sekunde au dakika ngapi, yanakuamsha usiku au la, umemeza dawa gani. Usimeze dawa ya maumivu saa chache kabla ya miadi ikiwa unaweza kuvumilia, kwa sababu huficha kile daktari anachokitafuta. Na usiseme tu, "Dokta, jino linauma." Sema, "Dokta, chai ya moto ndiyo inayoliamsha, na linaendelea kuuma mpaka nimalize kikombe." Sentensi ya namna hiyo inafanya nusu ya kazi ya uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe haupaswi kuwa wa kutazama tu. Daktari atagonga jino na majirani zake kwa mpini wa kioo, atakung'atisha kijiti au kifaa kidogo cha plastiki kona baada ya kona, atapima kina cha fizi kuzunguka mzizi, atagusisha baridi kwenye meno kadhaa ili kulinganisha, kisha atapiga picha ya eksirei. Kipimo cha baridi si cha kutegemewa sana juu ya kofia, hivyo asipokitegemea peke yake anafanya vyema.

Picha ya eksirei ina mipaka ambayo ni vizuri uijue, maana wengi huambiwa "picha haina kitu" wakarudi nyumbani wakidhani wanajitungia maumivu. Mionzi haipenyi chuma, kwa hiyo uozo ulio chini ya kofia ya chuma hauonekani. Na mfupa unaoliwa kwenye ncha ya mzizi hauanzi kuonekana mpaka sehemu kubwa ya madini yake, kiasi cha theluthi moja hadi nusu, iwe imetoweka. Picha safi ya wiki ya pili haithibitishi kwamba jino ni zima. Ikiwa maumivu yanaendelea, ni halali kabisa kuomba picha nyingine baada ya muda, au picha ya pande tatu pale mashine yake ilipo. Mama mjamzito asiogope kwenda: picha ya jino moja hutumia mionzi midogo sana na inapigwa inapohitajika, na matibabu ya meno yanaruhusiwa wakati wa ujauzito. Amweleze tu daktari hali yake.

Dawa, na kile zisichoweza

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, parasetamoli gramu 1 pamoja na ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula hupunguza maumivu ya jino vizuri kuliko kila moja peke yake. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, na mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini atumie pungufu kwa ushauri wa mfamasia. Hesabu pia parasetamoli iliyomo kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari, isichanganywe na diklofenaki, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa za aina hii, au mjamzito aiache mpaka aulize. Aspirini isiwekwe juu ya fizi kamwe. Inaunguza nyama na haifiki kwenye neva.

Karafuu ina heshima yake, na si ya bure. Mafuta yake yana yujenoli, kiungo ambacho madaktari wa meno wenyewe hukichanganya na unga wa zinki kutengeneza gundi tulivu ya kushikilia kofia za muda. Mzee wa Pemba aliyeweka karafuu kwenye jino lenye tundu alijua alichofanya. Lakini jino lililovishwa kofia iliyogandishwa vizuri limefungwa, na mafuta hayana njia ya kufika ndani. Yakimiminwa kwa wingi huunguza fizi. Tone moja kwenye pamba, kwa muda mfupi, hutosha kutuliza fizi inayosumbua, na usitarajie zaidi ya hapo.

Kuhusu viuavijasumu nitasema wazi, kwa kuwa hapa ndipo fedha na afya zinapopotea. Amoksilini na metronidazo zinazonunuliwa dukani kwa kidonge kimoja kimoja hazitibu kiini kilichovimba. Uvimbe ule hauondolewi na dawa ya bakteria, na kiini kikishakufa hakina tena mishipa ya damu ya kuifikisha dawa ndani ya jino. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri zisitumiwe kwa maumivu mengi ya jino kwa mtu mzima mwenye kinga imara pale matibabu ya jino lenyewe yanapopatikana. Kazi yake ipo pale maambukizi yanapoenea na kuleta homa na uvimbe. Hata hapo ni msaidizi. Jino lazima lifunguliwe au ling'olewe.

Uvimbe huo nao usicheleweshe. Shavu likivimba kuelekea jichoni, uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, mdomo ukikataa kufunguka, ulimi ukihisi umeinuliwa, mate yakishindikana kumezwa au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo, usingoje kliniki ya asubuhi. Daktari Mjerumani Ludwig alieleza uvimbe wa chini ya ulimi na shingo mwaka 1836, na hadi leo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga awahi mapema zaidi ya wengine.

Kitakachofanyika kwa kofia yako

Hofu kubwa ya wagonjwa ni kwamba matibabu ya mzizi yanaharibu kofia iliyolipiwa juzi. Kwa kawaida sivyo. Daktari anaweza kutoboa kitundu juu ya kofia, akasafisha mifereji kupitia hapo, akaijaza, kisha akaziba kitundu. Kauri inaweza kumeguka wakati wa kutoboa, na hilo uelezwe kabla, lakini kofia nyingi hubaki mahali pake na kuendelea kufanya kazi miaka mingi. Kofia huondolewa pale ambapo ukingo wake unavuja, uozo umeingia chini yake, au haiketi vizuri. Kwa jino lililokwisha kutibiwa mzizi, matibabu hayo yanaweza kurudiwa, ikiwezekana kwa daktari bingwa wa mizizi. Kung'oa kuna wakati wake: mzizi uliopasuka kwa urefu, ufa ulioshuka chini ya mfupa, jino lisilobakiwa na ukuta wa kushikilia kofia. Mwombe daktari akuonyeshe sababu hiyo kwenye picha au kwenye kioo kabla hujakubali. Jino likishatoka hakuna kurudi nyuma.

Bei ya marekebisho iulizwe bila haya. Kusawazisha kofia iliyokaa juu wiki chache baada ya kugandishwa, kwa maoni yangu, hakupaswi kulipiwa tena, kwa kuwa ni kumalizia kazi. Matibabu ya mzizi ni huduma nyingine, na mara nyingi hulipiwa. Ikiwa mmeshindwa kuelewana, una haki ya kuomba nakala za picha zako na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Zipo kliniki za kufundishia zinazopokea wagonjwa, kama za shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam na ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakikisha anayekutibu amesajiliwa. Tanzania Bara orodha iko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya iko kwa baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Fundi wa maabara anaweza kuwa stadi wa kutengeneza kofia nzuri sana, lakini kusaga jino lenye uhai na kujua limeanza kufa si kazi aliyosomea.

Wapo wachache ambao kila kitu kimefanyika sawasawa, jino ni safi kwa kila kipimo, na bado mahali pale panauma miezi mitatu, minne, bila kupumzika. Maumivu hayo ni ya kweli. Neva zilizochokozwa mara nyingi zinaweza kuendelea kutuma habari ya maumivu hata chanzo kikiwa kimeondolewa, na zipo dawa za neva ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo. Dalili inayompa daktari sababu ya kuishuku hali hii ni kwamba ganzi ikichomwa kwenye jino, maumivu hayaondoki yote. Kumtoboa au kumng'oa mgonjwa wa namna hii zaidi na zaidi humzidishia mateso. Omba rufaa kwa daktari wa maumivu ya uso na taya, au wa neva.

Na ikiwa bado hujabadilisha kofia na unayasoma haya kwa kujiandaa, muulize daktari wako mambo mawili kabla ya kuanza. La kwanza: hali ya kiini na ya mzizi ikoje kwenye picha ya leo, si ya miaka mitano iliyopita? La pili: jino likionekana la mashaka, je, kofia mpya inaweza kushikiliwa kwa gundi ya muda wiki kadhaa, jino lijaribiwe, ndipo igandishwe moja kwa moja? Si kila kofia inafaa kwa njia hiyo, kwa sababu baadhi ya kauri huhitaji gundi yake maalumu tangu mwanzo, lakini ni swali ambalo daktari makini hulipokea vizuri. Kisha aandike kwenye cheti chako aina ya kofia na aina ya gundi iliyotumika, maana atakayelazimika kulifungua jino hilo siku moja huenda asiwe yeye.